Cha Mtu Sichungulii

Waliopita Kaloleni asubuhi ile, nyuma ya uwanja wa mpira, waliona kitu ambacho hakionekani kila siku. Mwalimu mzima wa serikali, kavaa gauni la kitenge cha bluu lililonyooshwa likanyooka, hijabu nyeupe pe, anagombania boksi la viatu na mwanamume.

"Liachie, kaka. Nimelishika mimi kwanza."

"Umeshika kona, dada yangu. Mimi nimeshika kati."

"Kwani kona si boksi?"

Mwenye duka la viatu, ambaye alikuwa amelitupa nje boksi hilo moja lichukuliwe na takataka, alikaa kwenye stuli akaacha kuuza. Nani auze viatu wakati kuna sinema ya bure?

Mwanamume alikuwa mrefu, fulana ya kijivu, aproni ya mifuko mingi iliyojaa bisibisi, miwani kaipandisha kwenye paji la uso kisha kaisahau huko. Jina lake Nasri, fundi kompyuta, na kibanda chake kilikuwa mlango wa tatu kutoka hapo. Alilitaka boksi atie vipuri vyake. Mwalimu aliitwa Salha.

"Nikuulize kwa wema," alisema Nasri. "Boksi unalipeleka wapi, na viatu unavyo miguuni?"

"Natengenezea kompyuta."

Nasri aliangua kicheko. "Dada, mwaka wa kumi na moja huu nafanya kazi ya kompyuta, sijaona inayotengenezwa kwa boksi."

"Basi hujaona kitu."

Akamweleza, huku mkono haujaachia. Kule juu Olmotonyi, kwenye shule yake, ana watoto arobaini na wanane wa darasa la tano. Somo la kompyuta limekuja, lazima lifundishwe. Kompyuta zenyewe sita, za msaada, zimechoka, inayowaka ni moja, nayo mpaka ijisikie. Atawafundishaje arobaini na wanane kwa kompyuta yenye hasira? Basi hukata maboksi, akachora herufi kwa makapeni, zile kalamu za wino mnene, moja baada ya nyingine, zilivyojipanga kwenye kibodi ya kweli. Kila mtoto na kibodi yake ya boksi. Wakikaa mbele ya mashine, vidole tayari vinajua kila herufi inakaa nyumba gani.

Nasri aliacha kucheka. Akaliachia boksi taratibu, na miwani ikamshukia puani yenyewe.

"Chukua," alisema. "Na kibandani kwangu kuna mengine matatu. Njoo uyachukue yote."

Kibanda chake kilikuwa kidogo lakini safi, nyaya zimefungwa vizuri, na ukutani, juu ya meza, kulikuwa na kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: MASHINE NATENGENEZA. CHA MTU SICHUNGULII.

Salha alikisoma, akaguna. "Weee! Mafundi wote ndivyo mnavyosema. Mwaka jana nilipeleka simu kubadilishwa kioo tu. Siku ya kuichukua, fundi ananiuliza harusi ile kwenye picha ilikuwa ya nani. Kioo na harusi wapi na wapi?"

"Huyo si fundi, huyo mbea mwenye bisibisi."

"Na wewe?"

"Mimi nimefundishwa kazi na Mzee Jamaldini, Mungu amrehemu. Alikuwa akisema, mashine ya mtu ni kabati lake la nguo. Wewe umeitwa kutengeneza bawaba, nguo zake zinakuhusu nini?"

"Maneno mazuri. Ya dukani."

"Siku moja utaniletea ya kwako, utaona."

Hakumuuliza harusi ilikuwa ya nani. Salha aliliona hilo, akaliweka moyoni. Lakini kuamini hakuamini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na ameshaona wanaume wenye maneno mazuri kuliko yale ya kwenye kibao.

Jumamosi iliyofuata Nasri alipanda Olmotonyi na mkoba wa vifaa. Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu yake yote, na baridi ya huko juu ilimfanya ajutie fulana. Mwalimu Mkuu Aminieli alimpokea kwa kishindo cha funguo. Mzee huyu alikuwa na funguo kama mlinzi wa gereza. Kitu chochote ukimpa, hata chaki, alikifungia kabatini, na kukumbuka kabati lipi ilikuwa kazi nyingine.

Darasani Nasri alisimama mlangoni asiingie. Watoto arobaini na wanane, kila mmoja na boksi lake, vidole vinagonga, tuk, tuk, tuk, na hakuna hata mashine moja.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba, wanangu. Mnaandika nini?"

"Tunasomana vidole!" alijibu msichana mmoja wa mbele, Namelok, ambaye kila swali la darasa aliliona ni lake.

Ulikuwa mchezo wa Salha. Mmoja anagonga neno kwenye boksi bila kusema, wenzake wanatazama vidole vinakotua, wanalisoma herufi kwa herufi. Nasri akasukumwa mbele aandike jina lake. Akagonga kwa vidole viwili, kimoja huku kimoja kule, kama kuku anayedonoa mtama.

"N! A! S!" Darasa likaimba. "Y! ... Hapana, fundi amekosea!"

"Mwalimu," aliuliza Namelok kwa huruma ya kweli, "kwani fundi hajasoma?"

Salha alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo jina la Nasri likawa Vidole Viwili, naye akalipiza kwa kumwita Mwalimu wa Maboksi.

Akazitengeneza zile sita, moja moja, Jumamosi baada ya Jumamosi, akizibandika namba kwa rangi nyeupe. Na simu zikaanza.

"Mwalimu wa Maboksi, umekula?"

"Nimekula. Wewe Vidole Viwili, umefunga kibanda?"

"Nimefunga, lakini moyo umebaki wazi, sijui nani ameondoka na kufuli."

"Mwone! Kalale."

"Nilale nimeona nini?"

Shangazi Chiku, ambaye Salha aliishi naye Kijenge, alianza kukohoa kila simu ilipolia. Kikohozi hicho hakikuwa cha mafua.

Miezi mitano ikapita hivyo. Alhamisi moja jioni, mgahawani Kaloleni, chai ya maziwa ikifuka katikati yao, Nasri aliweka chapati chini. Siku hiyo kavaa shati la mikono mirefu, jeupe, na miwani iko mahali pake. Salha alijua kuna jambo.

"Binamu yangu wa Mwanza ana karakana kubwa," alisema. "Ananitaka tushirikiane. Nikienda ni kuhama, Salha, si kutembea. Basi langu ni Jumapili ya wiki ijayo."

Salha alishika kikombe kwa mikono miwili. "Na ukibaki?"

"Nikibaki nitabaki kwa sababu moja, na sababu yenyewe inakunywa chai mbele yangu. Nataka nitume wazee kwa shangazi yako. Niambie ndiyo, au hapana. Ila sitakuuliza mara ya pili. Si kiburi. Naogopa tu."

Jibu lilikuwa mdomoni. Ndiyo, ndiyo, mara mia ndiyo! Lakini nyuma ya hiyo ndiyo kulikuwa na neno jingine, nalo ndilo lililoziba njia. Salha alishaolewa. Miaka sita iliyopita, kwao Kondoa, harusi ya ngoma na picha, na baada ya miezi minane akaandikiwa talaka mbele ya mawifi waliokuwa wakitabasamu. Mwenzangu, maneno ya mawifi hayafutiki kwa sabuni. Hapa Arusha aliyejua ni shangazi peke yake. Kila alipojaribu kumwambia Nasri, ulimi ulikauka.

"Nipe siku chache," alisema. "Usinikimbize, Nasri."

"Sikukimbizi. Jumapili ndiyo inayotukimbiza."

Ijumaa, watoto walipoondoka, Salha alijifungia kwenye chumba cha kompyuta. Kilichomshinda mdomo, vidole vilikiweza. Akakaa mbele ya namba nne, ambayo feni yake ilikuwa imeanza kuugua na kila baada ya nusu saa ilijizima, akaandika kwa vidole kumi bila kutazama chini:

*Nasri, jibu langu ni ndiyo. Lakini usitume wazee kabla hujajua. Niliolewa Kondoa, nikaachika baada ya miezi minane. Sikuwa na kosa, ila shahidi sina. Ukinitaka hivi nilivyo, nipigie. Ukikaa kimya, nitakuwa nimeelewa, wala sitakulaumu.*

Akaihifadhi kwa jina la NASRI, katikati ya skrini peke yake, mahali ambapo hata mwenye usingizi angeiona. Jumatatu akamwomba Mwalimu Mkuu, aliyekuwa anateremka mjini kikazi, aipeleke namba nne kwa fundi. Alikuwa na hakika zote. Fundi gani duniani asiyechungulia? Kile kibao chekundu hakikumpita hata akilini.

Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Simu aliiweka chini ya mto, akaitoa, akaangalia kama ina chaji, akairudisha. Jumatano Nasri akapiga.

"Mwalimu, mashine iko tayari."

Mwalimu! Si Salha, si wa Maboksi. Mwalimu kavu.

"Umeiona?" aliuliza Salha.

"Nimeiona. Feni ilikuwa imekufa, nimeweka nyingine."

"Na mengine?"

"Mengine yapi?"

Salha alifumba macho. Kumbe anajifanya hajui. Kumbe hata neno moja la heshima hakumwona anastahili.

"Basi, hakuna," alisema.

Huko kibandani Nasri naye alikuwa amehesabu siku sita bila jibu. "Nikuletee mwenyewe kesho? Kuna kazi ndogo lazima niifanye mbele yako."

Aje asimame mbele yake, amtazame kwa jicho lile la mawifi? "Hapana," alisema haraka. "Mpe Mwalimu Mkuu, kesho anakuja mjini tena."

"Hutaki nije."

"Sitaki."

"Sawa, mwalimu," alisema Nasri polepole. "Nimeelewa."

Jioni hiyo Salha alilia kwenye kanga ya shangazi yake mpaka ikalowa. Shangazi Chiku alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulimwambia kwa mdomo?"

"Nilimwandikia. Kwenye kompyuta."

"Makubwa! Mtu anaolewa kwa kompyuta? Mpigie simu, mwanangu, useme kwa mdomo ulioumbiwa."

"Amesoma, shangazi. Amesoma akanyamaza. Nimpigie nikaombe nini?"

Shangazi alitaka kusema neno, akaona macho ya binti wa kaka yake, akaliacha.

Alhamisi namba nne ikarudi. Salha hakuigusa. Aliifunika kitambaa ilivyo, na kila alipopita alitazama upande mwingine.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Walikuja kwa wingi, wa shuka nyekundu na wa suti za kanisani, bibi kizee mmoja na fimbo yake, wote wakitaka kuona hiyo kompyuta wanayoimbiwa nyumbani. Salha alivaa gauni la zambarau, akapaka wanja kuficha macho yaliyovimba. Hayakufichika vizuri. Kesho yake alfajiri basi la Mwanza lingeondoka, na saa zote alizihesabu.

Watoto waliwasha mashine. Namba moja ikaimba, namba mbili ikaimba, tatu, tano, sita. Namba nne ikawasha skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, basi.

"Mwalimu," Namelok aliita kwa sauti iliyofika hadi kwa wazazi, "namba nne inasema haina diski."

"Haiwezekani. Imetoka kwa fundi juzi."

"Si mimi niliyesema, mwalimu. Imesema yenyewe."

Hapo Mwalimu Mkuu Aminieli akajipiga kofi la paji. "Ala! Bahasha!"

"Bahasha gani, mwalimu?"

"Fundi alinipa bahasha, nikaifungia isipotee. Alisema... alisema nini vile? Alisema diski, ile inayotunza maandishi yote, huwa anaitoa kabla hajagusa mashine ya mtu, anaitia kwenye bahasha mbele ya aliyeileta, na kuirudisha lazima mwenyewe aone. Nami nilikuambia... Hivi nilikuambia?"

"Hukuniambia."

"Basi nilitaka kukuambia."

Akafungua kabati la kwanza, silo. La pili, silo. Kwenye la tatu, chini ya mpira uliopasuka, ikatoka bahasha ya kaki. Salha aliipokea kwa mikono miwili. Mdomo wa bahasha umezibwa kwa selotepu, na juu ya mshono, nusu kwenye selotepu na nusu kwenye karatasi, kuna sahihi mbili: ya Nasri, na ya Mwalimu Aminieli mwenyewe. Tarehe ya Jumatatu. Haijafunguliwa, haijakunjwa hata kona.

Akakaa kwenye dawati la mtoto. Barua yake ilikuwa humo ndani, haijasomwa na kiumbe yeyote. Katika mji wote huu mtu mmoja aliandika ukweli ukutani kwa rangi nyekundu, na yeye Salha, mwalimu wa kusoma na kuandika, alikisoma kile kibao akakiona cha dukani. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu furaha, na nyuma ya furaha hofu, kwa sababu saa ilikuwa imefika saa tano na mtu anafunga mizigo.

Akatoka nje, akapiga.

"Nasri."

"Mwalimu."

"Usiniite mwalimu. Diski yangu, hukuifungua?"

"Salha, cha mtu sichungulii. Hujui kusoma?"

"Sijui! Njoo uirudishe. Mbele yangu. Si ndiyo sheria yako?"

"Leo? Niko na begi hapa, nimeshakabidhi ufunguo wa kibanda."

"Njoo na begi."

Safari hii Salha hakusubiri kuulizwa. "Kuna kitu chako ndani yake. Kimo tangu Jumatatu. Nilidhani umekiona, ukanidharau. Njoo, Nasri, nakuomba."

Simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao au ni mtu.

Alirudi darasani, akawaambia wazazi wasubiri kidogo, fundi anakuja. Alisema hivyo bila kujua kama ni kweli. Watoto wakaonyesha walichojua, wakaandika majina ya mama zao, na yule bibi kizee alipoona lake linatokea kwenye skrini alilishika kwa kidole akauliza kama anaweza kwenda nalo nyumbani. Watu walicheka. Salha alicheka nao, jicho mlangoni.

Dakika hamsini baadaye bodaboda ilinguruma nje. Nasri akaingia na begi mgongoni, lile shati lake jeupe limekuwa la rangi ya barabara, miwani imejaa vumbi. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye namba nne, akanyoosha mkono.

"Bahasha."

Akaionyesha kwa Salha pande zote mbili, kama ilivyo desturi yake. "Umeona haijaguswa?"

"Nimeona."

"Fungua mwenyewe."

Alifungua. Nasri akaitia diski mahali pake, akakaza bisibisi, akawasha. Mashine ikaimba, na katikati ya skrini likatokea jina moja peke yake: NASRI. Fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Soma," alisema Salha.

"Kimo kwenye mashine yako."

"Kina jina lako. Ni chako. Mimi nimekitunza tu."

Akakaa, mgongo wake ukiziba skrini nzima. Darasa lilinyamaza, hata wazazi, bila kujua wananyamazia nini. Salha alitazama kisogo chake. Nasri alisoma polepole, na Salha alijua alipofika Kondoa, kwa sababu mabega yalisimama. Alisubiri hapo. Mawifi wote walikuwa wamesimama naye, wakitabasamu.

Nasri alipomaliza aliifunga barua, asije mwingine akaiona. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, ikazidi kuchafuka. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Kumbe ulimi wa mwanamume nao hukauka.

Basi akageuka, akavuta boksi la Namelok lililokuwa mezani, lile la makapeni ya Salha, akalipakata. Akainua kidole kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Akagonga.

Watoto walikuwa wameshafundishwa, hawakungoja kuambiwa.

"N!" liliimba darasa.

Kidole cha kushoto kikaenda pembeni. "A!"

Salha aliweka kiganja mdomoni.

"B! ... A!" Nasri alikuwa anatafuta herufi kwa jasho, ulimi nje. "K!"

Kidole kikasimama hewani, kikapotea njia, kikarudi. Arobaini na wanane walishika pumzi. Kikatua.

"I!"

"NABAKI!" darasa likalipuka, makofi, meza zikapigwa, na wazazi wakapiga makofi pia kwa kuwa watoto wamesoma vizuri. Salha alikuwa analia hadharani, wanja wote umeshuka, na hakujali hata kidogo.

"Wazee watakuja Kijenge wiki hii," alisema Nasri kwa sauti ya chini, sauti imerudi. "Na mawifi nitakaokupa hawatakucheka. Dada zangu ni wanne, nitawapanga mstari mmoja mmoja."

"Na begi?"

"Litarudi nilikolitoa. Ufunguo wa kibanda nitaenda kuuomba kwa magoti."

Namelok alikuwa bado anatazama boksi lake kwenye mapaja ya fundi, uso umekunjamana.

"Mwalimu," alisema, "safari hii hajakosea hata moja."